Ila Isiyoonekana na Dhima ya Mnunuzi

Katika vitu vyote ambavyo mkazi wa Nairobi huvinunua kwa fedha yake na kuviingiza nyumbani mwake, ni vichache vinavyoficha batini yake kama chaja ya simu; maana embe hubonyezwa, nguo hukunjuliwa juani, kuku hupimwa kwa mkono kabla ya bei kupatana, na hata gari kuukuu hufunguliwa boneti likatazamwa na fundi, lakini kisanduku hiki cha plastiki, ambacho kimegandishwa pande zote kisipate kufunguliwa ila kwa kuvunjwa, hukabidhiwa mnunuzi pamoja na maneno machache yaliyochapwa juu yake, naye hana budi kuyasadiki au kuyakanusha bila ya burhani ya upande wowote. Swali ambalo wanazuoni wa dini na wa hekima wamelizungumza kwa karne nyingi, yaani ila ya bidhaa ikiwa haionekani dhima yake ni ya nani, limetoka vitabuni likaketi juu ya meza za Luthuli Avenue, na mimi naona kuwa jibu tulilozoea kulitoa, la kumtwika muuzaji lawama yote na sisi wenyewe kwenda zetu tukiwa safi, ni jibu pungufu.

Barabara hiyo, iliyopewa jina la Albert Luthuli wa Afrika Kusini, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 1960, ni fupi, lakini maduka yake yamepandana ghorofa juu ya ghorofa, na tangu ilipotengenezwa upya mwaka 2019, waendao kwa miguu wakapewa nafasi iliyokuwa ya magari, umati wake hautulii tangu asubuhi hata jioni. Hapo huuzwa kwa jumla na kwa rejareja spika, televisheni, simu na kila kiungo cha simu. Na kutoka hapo bidhaa hupanda matatu kuelekea magharibi kwa njia ya Waiyaki Way, zikashuka Westlands, Kangemi, Uthiru na Kinoo, au zikashika njia ya Kawangware zikaenea vibandani. Chaja moja huweza kutundikwa kwa msumari katika kibanda cha Kangemi, na nyingine yenye umbo lilo hilo na jina lilo hilo ikawekwa nyuma ya kioo katika duka la Westlands kwa bei iliyozidi maradufu, na mtu asemaye kwamba ile ya kioo ni halisi na ile ya msumari ni bandia amesema dhana, hakusema yakini, maana huenda zote mbili zilitoka katika katoni moja.

Wala si mbali kutoka madhabahu hadi madukani. Mwislamu aweza kutoka katika Msikiti wa Jamia, Banda Street, baada ya sala ya Ijumaa, na Mkristo akatoka katika Basilika ya Familia Takatifu baada ya misa ya adhuhuri, wakakutana mbele ya meza moja ya chaja kabla jasho halijawakauka. Na wote wawili watakuwa wamelelewa juu ya fundisho moja, kwa kuwa sura ya 83 ya Kurani imeitwa kwa jina la wapunjao vipimo, na Kumbukumbu la Torati katika mlango wake wa 25 limekataza mtu asiweke mfukoni mawe mawili ya mizani, moja zito na moja jepesi. Lakini kipimo cha nafaka huonekana. Mtu aliyepunjwa ratili ya sukari aweza kuirudisha mizanini mbele ya mashahidi. Aliyepunjwa wati ishirini ndani ya plastiki atazirudisha mizani gani?

Kabla ya kuendelea yafaa tuikubali haja yenyewe, kwa sababu wapo watu wenye kudhani kuwa mazungumzo ya chaja ni mazungumzo ya anasa. Tangu Machi 2007, huduma ya M-Pesa ilipoanza, simu ya Mkenya imekuwa ndiyo mkoba wake, na simu iliyozima jioni katika kituo cha matatu ni mkoba uliofungwa mwenyewe akiwa na njaa. Chumba kimoja cha kupanga katika Kangemi aghalabu kina soketi moja, na soketi hiyo inadaiwa na simu ya baba, simu ya mama, taa ya kuchaji, pawabenki, na pengine tableti ya mwanafunzi. Na usiku stima inaporejea baada ya kukatika, kama ilivyokuwa nchi nzima ilipoingia gizani tarehe 25 Agosti 2023, wote hao huikimbilia kwa wakati mmoja. Katika nyumba za Kileleshwa na Lavington soketi ni nyingi, lakini vifaa navyo ni vingi zaidi, kipakatalishi kikiwa miongoni mwao. Kwa hiyo chaja yenye matundu matatu au manne, ambayo huketi katika soketi moja ikawahudumia wote, si kitu cha kupambia nyumba. Ni mgawaji wa riziki ndogo ndogo za siku.

Sasa tuangalie kilichomo ndani. Umeme wa ukutani hapa Kenya ni wa volti 240, nao hugeuka kwenda na kurudi mara 50 katika kila sekunde, ilhali simu haitaki ila volti 5 zilizotulia, ndicho kiwango cha USB tangu kilipotolewa mwaka 1996, au zile volti 9, 15 na 20 ambazo vifaa vipya huziomba kwa maafikiano. Kazi ya chaja ni kusimama baina ya nguvu hizo mbili zisikutane. Ndani yake mna transfoma ndogo yenye nyuzi za shaba za pande mbili, upande wa ukuta na upande wa mkono wa mtumiaji, ambazo hazigusani kabisa, bali nguvu huvuka kutoka upande mmoja kwenda wa pili kwa njia ya sumaku. Na juu ya kibao ambacho viungo vyote vimelehemiwa huachwa nafasi tupu ya milimita kadhaa baina ya pande hizo, nafasi ambayo mtu asiyejua angeliiona kuwa ni ubadhirifu wa mahali. Milimita hizo ndizo zimtengazo mtoto aliyeshika simu na volti 240. Mwenye kutaka kughushi huanza kubana hapo hapo: huisogeza shaba ikaribie shaba, huiondoa karatasi ya kuhami, huweka kapasita ya bei nafuu mahali palipotakiwa iliyothibitishwa, na faida yake katika kila chaja ni senti chache tu, lakini chaja zake ni laki nyingi. Na la kuhuzunisha ni kwamba usiku wa kwanza simu hujaa vizuri tu. Mwaka 2016 taasisi ya UL ya Marekani, ambayo kazi yake ni kupima usalama wa vifaa, ilijaribu chaja bandia 400 zilizobeba nembo ya Apple, na zilizofaulu zilikuwa 3. Katika zilizofeli, 12 zilikuwa na uwezo wa kumuua aliyezishika. Kwa macho zote zilikuwa chaja.

Hii ndiyo ila ya batini katika ukamilifu wake: haionekani, haisikiki, haiharibu kazi ya dhahiri, na hujitangaza siku moja tu, nayo ni siku ya msiba.

Imamu Ghazali, aliyefariki Tus mwaka 1111, ameandika katika Ihyau Ulumid-Din, katika kitabu cha adabu za kuchuma, habari ya Wathila bin al-Asqa, sahaba wa Mtume, ambaye alikuwa amesimama mahali mtu mmoja akiuza ngamia kwa dirhamu 300, naye Wathila akawa ameghafilika mpaka mnunuzi akaondoka na mnyama wake. Alipozinduka alimkimbilia akimwita, akamwuliza kama amemnunua ngamia yule kwa ajili ya nyama au kwa kupanda. Na yule mtu alipojibu kuwa ni wa kupanda, Wathila alimweleza kuwa katika unyayo wake aliona tundu, na kwamba hatahimili safari ya mfululizo. Mnunuzi alirudi, muuzaji akapunguza dirhamu 100, lakini hakuacha kumlaumu Wathila kuwa amemharibia biashara yake. Naye akajibu kwamba walimpa Mtume ahadi ya kumtakia heri kila Mwislamu.

Mambo mawili katika kisa hiki yanastahiki kutazamwa kwa kituo. Kwanza, Wathila hakuwa muuzaji wala mnunuzi, wala hakupata ujira wa udalali. Alikuwa mtazamaji tu, na dhima ilimkamata kwa sababu ya kujua. Mashafii, ambao ndio wengi katika Waislamu wa pwani yetu, wameishika hukumu hii wakasema kwamba aijuaye ila ya bidhaa imempasa kuieleza hata akiwa mgeni katika biashara hiyo. Pili, hakuanza kwa kutangaza ila. Alianza kwa kuuliza matumizi. Tundu la unyayo si ila kwa mwenye kutaka nyama, ni ila kubwa kwa msafiri, na hakuna mtu awezaye kusema kitu ni kizuri au kibaya mpaka ajue kinatakiwa kwa jambo gani.

Warithi wa Wathila katika Nairobi ni mafundi wa simu, wale waketio vibarazani na chuma cha kulehemu na miwani ya kukuzia, ambao wamekwisha kuzipasua chaja nyingi hata wakajua kwa uzito wa mkononi ipi ina transfoma ya haki na ipi imejazwa hewa. Fundi wa namna hiyo akiulizwa faraghani atasema kweli. Lakini kibaraza alichokalia ni cha mwenye duka, na mwenye duka ndiye auzaye chaja zenyewe, na mteja hununua hatua mbili tu kutoka mezani pake huku yeye ameinamisha kichwa juu ya simu iliyofunguliwa. Na mimi simhukumu kwa haraka, kwa sababu Wathila alilaumiwa kwa maneno, ilhali fundi atafukuzwa kibarazani kabla ya jua kuchwa. Hata hivyo dhima yake haifutiki kwa kuwa ni nzito, na mnunuzi mwenye akili humwendea fundi asiyeuza chaja, akamlipa kidogo kwa ushauri, kama alipiwavyo tabibu asiyeuza dawa.

Kuna ila ya pili, ndogo kuliko ya kwanza lakini ya kawaida zaidi, nayo ni ya hesabu. Juu ya kisanduku huandikwa kwa tarakimu kubwa wati 65, au 100, au 120, na mnunuzi hufahamu kuwa kila tundu lina nguvu hiyo, au walau kuwa matundu yote kwa pamoja yatafanya kazi kama alivyozoea. Ukweli ni kwamba idadi ile aghalabu ni ya tundu moja likitumika peke yake. Kifaa cha pili kinapochomekwa, chaja hukata umeme kwa nukta kidogo, ikazungumza upya na vifaa vyake kwa itifaki iitwayo PD, kila kimoja kikiomba kipendacho nayo ikitaja ilicho nacho, na mwisho huenda ikakipa kipakatalishi wati 45 na simu wati 20. Na kifaa cha tatu kikija, matundu mawili ya chini huweza kuungana yakagawana volti 5 tu, simu zikajaa polepole kama za miaka kumi na mitano iliyopita. Mgawanyo huu wenyewe sina neno nao, na naona ni wa insafu kuliko ugawaji wa serikali nyingi, kwa kuwa hakuna apewaye asichoomba, wala hakuna aachwaye pasi na kitu. Neno langu ni juu ya tarakimu ya mbele. Taarifa ya mgawanyo huchapwa nyuma, kijivu juu ya weupe, kwa herufi ambazo mzee wa miaka hamsini hazisomi pasipo miwani, na mara nyingine haichapwi kabisa.

Je, huo ni uongo? Waarabu wa jangwani walikuwa na hila ya kumfunga ngamia au mbuzi asikamwe siku mbili tatu kabla ya kumpeleka sokoni, kiwele kikajaa, mnunuzi akadhani maziwa yale ni ya kila siku. Na katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, mnunuzi wa mnyama huyo amepewa hiari, akitaka amweke, na akitaka amrudishe pamoja na pishi ya tende kwa ajili ya maziwa aliyoyakama. Muuzaji yule hakutamka neno lolote la uongo. Kiwele kilikuwa kimejaa kweli, na maziwa yalikuwa maziwa. Hadaa ilikuwa katika kuionyesha hali ya nadra kana kwamba ni ada, na kwa kipimo hicho tarakimu 65 iliyo mbele ya kisanduku pasipo mgawanyo kuelezwa mahali panaposomeka ni kiwele kilichofungwa, hata kama mhandisi aliyeipima ataapa kwamba ni sahihi, naye ataapa kweli.

Lakini lazima tutenge ila na ila. Thomas Aquinas, katika Summa Theologiae, alipochunguza kama muuzaji amewajibika kutaja kasoro za kitu chake, alisema kuwa kasoro iliyofichika yenye kuleta hatari au hasara ni lazima itajwe, ama ile iliyo dhahiri kwa kila mtu, mathalan farasi mwenye jicho moja, muuzaji halazimiki kuitangaza maadamu ameteremsha bei inavyostahili. Chaja iliyopungukiwa wati humpotezea mtu saa yake ya usingizi. Chaja iliyopungukiwa milimita humpotezea mwanawe. Watu wengi husoma majarida ya mitambo usiku kucha wakilinganisha wati, na hawaulizi swali hata moja juu ya milimita, kwa kuwa wati huchapwa na milimita hazichapwi.

Mtu atasema kwamba kwa ajili hiyo ndipo ikawekwa serikali. Ni kweli, na miji ya Kiislamu ya zamani ilikuwa na muhtasib, mwangalizi wa soko aliyetembea na mizani yake akiingiza mkono ndani ya gunia, si juu yake tu. Kenya ina Shirika la Kutathmini Ubora wa Bidhaa, KEBS, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1974. Bidhaa ziingiazo kutoka nje hutakiwa kubeba stika yake, na mnunuzi aweza kutuma namba ya stika kwa ujumbe wa simu kwenda 20023 akajibiwa. Kuna sheria ya mwaka 2008 dhidi ya bidhaa ghushi, na Ibara ya 46 ya Katiba ya mwaka 2010 imempa mnunuzi haki ya bidhaa za ubora wa kuridhisha na ya kupata habari anazohitaji ili afaidi kikamilifu. Mwishoni mwa Septemba 2012 Tume ya Mawasiliano iliamrisha simu bandia zizimwe mitandaoni, zikazimwa kwa mamia ya maelfu. Simu iliwezekana kuzimwa kutoka mbali kwa sababu ina namba yake na huzungumza na mtandao. Chaja haizungumzi na mtu yeyote nje ya chumba, na hakuna tume iwezayo kuinyoshea kidole. Fauka ya hayo, aliyeweza kughushi chaja hashindwi kughushi stika, ambayo ni karatasi. Basi alama ya KEBS ni ushahidi, na ushahidi una thamani yake, lakini shahidi mwenyewe huhitaji kutolewa ushahidi, na tukiendelea hivyo hatutafika mwisho mpaka tumrudie mtu mmoja aliyesimama mbele ya meza na fedha mkononi.

Huyo ndiye ninayemtaka.

Katika sheria ya kuuziana, mnunuzi aliyeijua ila akaridhika nayo hana tena hiari ya kurudisha; ridhaa yake imeifuta haki yake. Na katika Luthuli Avenue ridhaa hii husikika kila saa, maana mnunuzi huangalia chaja ya shilingi mia mbili iliyoandikwa matundu manne na wati mia moja, akacheka, akasema kuwa anajua ni feki lakini itamsukuma kwa sasa. Anaposema hivyo anadhani amemaliza jambo: yeye si aliyedanganywa, muuzaji si mwongo, na bei imelingana na kitu. Methali yetu isemayo kuwa rahisi ni ghali nayo humsaidia kukosea, kwa kuwa hutisha mfuko tu, kana kwamba hasara yote ya kitu kibovu ni kukinunua mara ya pili. Hesabu aliyoisahau ni hii: ameridhia kwa niaba ya nani? Chaja haitumiwi na mnunuzi peke yake. Huchomekwa kando ya godoro, juu yake ikaanguka nguo. Mtoto huishika kwa mkono uliotoka kwenye beseni. Na ukuta wa chumba chenyewe ni bati au mbao ambao upande wake wa pili ni chumba cha jirani, na wa jirani ni wa jirani mwingine, hata cheche moja ikawa msiba wa safu nzima ya nyumba. Mtu ana mamlaka ya kuisamehe haki yake mwenyewe. Hana mamlaka ya kusamehe haki ya mtoto aliyelala wala ya jirani asiyejua.

Hapa nimekwisha kuyasikia majibu ya maskini, nayo si ya kupuuzwa. Mwenye kupata mia tano kwa siku ya kibarua hawezi kuambiwa anunue chaja ya elfu tatu, na dini haimkalifishi mtu zaidi ya uwezo wake. Lakini maskini hakulazimishwa kununua matundu manne ya uongo. Kwa fedha chache zaidi ya zile mia mbili aweza kupata chaja ya tundu moja, nyonge na ya kweli, kisha simu zikapokezana zamu usiku. Tamaa ya matundu mengi kwa bei isiyotosha hata tundu moja ndiyo iliyomfungulia mghushi mlango wa kiwanda chake, na tamaa hiyo haina tabaka.

Tena mimi nina shaka zaidi juu ya mwenye nacho. Katika nyumba nyingi za vitongoji vya magharibi, Kilimani, Lavington na kwingineko, utaikuta chaja njema ya galiamu nitraidi kando ya kitanda cha mwenye nyumba, imechaguliwa kwa makini, risiti yake imehifadhiwa. Na nyuma ya nyumba, katika chumba cha mfanyakazi, na langoni katika kibanda cha bawabu, utaikuta ile ya mia mbili, imefungwa kwa utepe mweusi, ambayo mwenye nyumba yule yule aliinunua siku ile ile kwa mkono ule ule. Mtume ameamrisha watumishi walishwe katika tulacho na wavishwe katika tuvaacho, na sioni kwa hoja gani umeme utatolewa katika amri hiyo. Mtu huyu hawezi kujitetea kwa ujinga, kwa kuwa chaja ya chumbani mwake ni ushahidi kwamba alijua tofauti. Wala kwa umaskini. Na muuzaji aliyemwuzia zote mbili ana udhuru mwepesi kuliko wake, kwani yeye hakujua nani atalala wapi.

Ikiwa dhima imekubaliwa, uchaguzi wenyewe hauwi mgumu, na huanza na swali la Wathila. Je, ni ya nyama au ya kupanda? Simu nyingi hazinywi zaidi ya wati 18 hadi 25, tableti yatosheka na 30, kipakatalishi cha kawaida kinataka 45 au 65. Mtu ajumlishe vile vitakavyochomekwa kwa pamoja, si vyote alivyo navyo, akaongeza kidogo, hapo amepata idadi yake. Kupita hapo ni israfu, kwa kuwa simu iliyochomekwa katika chaja ya wati 100 huchukua kile ilichoomba tu, na zinazobaki hazimzidishii mwenyewe ila majivuno. Ageuze kisanduku asome mgawanyo, na kama mgawanyo haukuandikwa amwulize muuzaji. Muuzaji asiyeweza kusema tundu la pili hubakiwa na wati ngapi hajui anachokiuza, na asiyejua anachokiuza hawezi kukuahidi kitu. Apendelee chaja yenye miguu mitatu ya kikwetu iketiyo sawasawa katika soketi, aiepuke ile ya miguu miwili ya mviringo inayotaka kuunganishiwa adapta, maana kiungo kinachotikisika ndicho kinachopata moto. Ile nyepesi mno kwa umbo lake iwekwe chini. Jina la galiamu nitraidi, ambalo madukani hufupishwa GaN, ni la kitu kipitishacho umeme pasipo joto jingi na kuiwezesha chaja kuwa ndogo, lakini ni jina, na majina huchapwa na kila mtu. Kebo isisahauliwe, kwa kuwa kebo ya taipu C ipitishayo zaidi ya wati 60 yapaswa kuwa na kijichipu cha kuitambulisha, na ile isiyo nacho itaizuia chaja njema kutoa kilichomo. Na anunue kwa mtu mwenye mlango, atakayepatikana Jumatatu, aliyeandika risiti kwa jina lake. Bei iliyozidi kidogo kwa ajili ya mlango huo ni sehemu ya thamani ya kitu. Akifika nyumbani aiguse baada ya saa moja ya kazi: vuguvugu si neno, lakini isiyoshikika irudi ilikotoka.

Imebaki mas'ala ya chaja ambayo ubovu wake umekwisha kujulikana nayo bado i mkononi. Desturi yetu ni kumpa ndugu anayekwenda mashambani, au kuitupa nzima katika pipa la taka, na huko huokotwa, ikafutwa vumbi, ikarudi mjini kwa shilingi hamsini. Ghazali, katika kitabu kile kile, amezungumza juu ya sarafu ya ghushi iliyomfikia mtu, akasema asiitoe kwa mwingine kwa sababu itapita mkono hadi mkono na dhuluma yake itaendelea hata baada ya kufa kwake, bali aitupe kisimani mahali mkono hautaifikia. Chaja haifai kutupwa kisimani. Ikunjwe miguu yake kwa koleo mpaka ivunjike, kebo ikatwe vipande viwili, tochi imulike ndani ya plastiki iliyopasuliwa ili watoto waone palipokuwa na transfoma na palipotakiwa kuwa na nafasi, kisha mabaki yapelekwe kwa wakusanyao taka za elektroniki.